Korongo Anayetembea

Korongo wetu wa kwanza alikuwa na miguu ya mianzi, shingo ya waya na tumbo la mfuko wa salfeti lililoshindiliwa nyasi. Taji lake lilikuwa la katani iliyochovywa kwenye bizari ya jikoni. Yonas, mshikaji wangu wa bweni moja, alisimama mbele yake akavua kofia. Nami nilivua. Kuna kazi za mikono ambazo mtu hawezi kuzitazama akiwa amevaa kofia.

Tulimsimamisha bondeni, chini ya shamba la shule, tukamtafutia na mke wa salfeti. Kutoka kwenye baraza la walimu walionekana kama wanandoa waliokosana jana.

Tulifanya hivyo kwa ajili ya Adela. Adela ni mwenyekiti wa klabu yetu ya mazingira, na mzaha haumkai. Mwalimu Christopha, anayesimamia miradi ya shule, alikuwa amepigilia vigingi kukata bonde katikati, kuonyesha mahali utakapopita mfereji wa kutoa maji. Bonde likauke, shule ipande maharage mpaka katikati. Adela alikuwa amesimama kwenye gwaride akasema haiwezekani, kwa sababu kila masika korongo taji hutaga mayai mle, katikati ya matete na maji.

Ilikuwa kweli, na shule nzima iliwajua. Shida ni kwamba mwaka huu walikuja, wakazunguka juu ya bonde, wakapiga kelele yao kama tarumbeta yenye mafua, kisha wakaelekea upande wa Matai. Adela akabaki na kesi isiyo na shahidi. Sisi tukamshonea mashahidi.

Mwalimu Christopha aliniita kesho yake.

"Marselino, wale korongo hawajasogea tangu jana."

"Wanatafakari, mwalimu."

"Mmoja ameandikwa Kilo Hamsini ubavuni."

"Huenda ndio uzito wake, mwalimu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha njia kilichofutika. Kisha akamwita Adela. Adela alipojua tulichofanya hakutugombeza. Alitugeuzia mgongo tu akamkabili mwalimu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Adela, wewe nakuheshimu," Mwalimu Christopha alisema. "Lakini wanafunzi wa hapa wanakula maharage kila siku ya Mungu, na maharage hayo tunayafuata sokoni. Sasa nieleze, bondeni mle mnalinda nini? Hewa?"

"Watarudi, mwalimu."

"Haya. Siku ya wazazi nataka kuona korongo anayetembea. Akitembea, nang'oa vigingi mwenyewe. Asipotembea, Jumatatu yake tunachimba mfereji. Na wewe, Marselino, na Yonas mtaniinulia intumba pembeni mwa bonde mpaka mkome."

Intumba ni yale matuta ya mviringo ya kwetu Ufipa. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazifukia, zinaoza humo ndani na kuwa mbolea. Juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unalisambaza tuta ili upande ulezi. Kila mtoto wa mkulima analijua hilo. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Kizwite, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga, na unga ndio niliokuwa naufahamu. Tuta langu la kwanza nililigeuza, nyasi zikabaki nje zikipepea.

"Umelivalisha wigi," alisema Adela. Alikuwa amekuja kutusimamia, kwa kuwa hakutuamini na jembe. "Nyasi ndani, udongo juu. Kwani kwenu mnazika maiti kichwa nje?"

"Kwetu tunawazika wakiwa wamekufa kweli. Hizi nyasi bado nzima."

Hakucheka. Kila tuta tulilolifukia lilimuuma, maana nyasi zile zilikuwa zake. Mwaka mzima klabu ilikuwa imelifunga bonde. Walifukuza ng'ombe wa majirani, wakawakataza watu wa kijijini kukata nyasi za kuezekea, na wakaweka zamu ya kulinda kana kwamba humo ndani mna dhahabu. Nyasi zikakua mpaka zikamfika Yonas mabegani, na Yonas si mfupi, ingawa akili yake haijamfikia.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuchukua jembe nililolisahau. Katikati ya matuta yetu kulikuwa na korongo wawili. Niliwatazama mbavuni kwanza. Hapakuwa na maandishi.

Walikuwa wanatembea. Waliinua miguu juu kama mapadre wanaokwepa matope, wakidonoa panzi na minyoo kwenye udongo tulioupindua. Nilimkimbilia Adela, kisha nikamkimbilia Mwalimu Christopha. Mwalimu alifika akiwa na kikombe cha chai mkononi, na kwa wakati huo ndege walikuwa nukta mbili angani.

"Marselino," alisema kwa upole, "chai hii ilikuwa ya moto." Akarudi zake.

Adela alibaki amesimama kwenye matuta. Alitazama ukanda tulioulima, akatazama nyasi ndefu zilizobaki, akarudia tena.

"Tumewafungia mlango," alisema.

"Nani?"

"Sisi. Klabu. Korongo anatagia kwenye matete, kwenye maji, asifikiwe na bweha. Lakini hali chakula kule. Anakula mahali peupe, na vifaranga wake lazima watembee mpaka hapo wapate wadudu. Zamani ng'ombe na wakata nyasi ndio waliokuwa wanapaweka peupe. Mwaka huu korongo wamekuja wamekuta ukuta wa nyasi." Alikaa chini, juu ya tuta langu la wigi. "Tulipofukuza ng'ombe, tuliwafukuza na wao."

Sikuwahi kumwona mwenyekiti akishindwa, na sikupenda. Nikamwambia kwamba kwa bahati nzuri alikuwa na vijana wawili wenye adhabu, na adhabu ni kitu kinachoweza kuongezwa.

Jioni ile klabu nzima iligonga mlango wa ofisi ya miradi.

"Shikamoo, mwalimu. Tunaomba adhabu."

Mwalimu Christopha aliweka kalamu mezani. "Mmefanya nini?"

"Bado, mwalimu," nilisema. "Tunaomba mapema."

Adela alinikanyaga, akaeleza yote: katikati ya bonde maji yabaki na jembe lisiguse, pembeni kuzunguka pote nyasi zifukiwe kwenye intumba kila mwaka, maharage yapandwe juu yake, na korongo wapate mahali pa kutembelea. Shule ingepata chakula na ndege wangepata chao.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Majembe nitawapa," alisema. "Vigingi vinabaki."

Tulilima kila jioni, upande mmoja kwa wakati, ili upande wa pili ubaki kimya. Korongo walirudi, kwanza wakikaa mbali nasi, kisha wakizoea. Baadaye alionekana mmoja tu, halafu mwingine tu, wakipokezana. Adela alijua maana yake: mayai. Akapiga marufuku mtu yeyote kusogelea matete, akianza na yeye mwenyewe. Aliyekuwa na hamu kuliko wote ndiye aliyekaa mbali kuliko wote. Maharage yakaota juu ya matuta. Mke wa Kilo Hamsini tulimwondoa, lakini Kilo Hamsini mwenyewe tulimsahau kwenye nyasi.

Siku ya wazazi ilianza kwa mvua na kuendelea kwa hotuba. Wazazi walikaa wakielekea bondeni. Mwalimu Christopha alisimama mbele yao na maikrofoni, bonde likiwa nyuma yake. Asubuhi nzima hakuna ndege aliyeonekana. Adela alisimama mwisho wa mstari, amekunja mikono.

"Na kuhusu bonde," Mwalimu alisema, "kuanzia Jumatatu tutachimba..."

"Mwalimu," alisema mama mmoja aliyetoka Ilemba, bila kusimama. "Geuka."

Taji la dhahabu lilikuwa limechomoza juu ya matete. Likasogea. Korongo akatoka mpaka kwenye matuta, mwenzake nyuma yake, na katikati yao vifaranga wawili wa rangi ya uji wa ulezi, wakipanda kila tuta na kuanguka upande wa pili. Watu wote wale walinyoosha shingo, hata watoto wa mgongoni.

Ndipo dume akakutana na Kilo Hamsini. Alimtazama. Akafungua mabawa, akaruka juu, akainama, akaruka tena, kisha akampiga teke la kifua. Kilo Hamsini alianguka chali, akiitetea shule yake mpaka dakika ya mwisho.

Mwalimu Christopha alikuwa bado ameshika maikrofoni, kwa hiyo uwanja mzima ulimsikia.

"Anatembea," alisema.

Akaiweka chini. Akashuka bondeni na viatu vyake vya siku ya wazazi, akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili na kukivuta. Makofi yalitaka kulipuka, lakini Adela aliinua kidole kimoja, na wazazi wote wakatii. Kisha akamfuata mwalimu.

"Vya katikati uviache, mwalimu, mpaka vifaranga wakue."

"Sawa, mwenyekiti," alisema Mwalimu Christopha, na akaviacha.

Adela alipanda kutoka bondeni na mzigo wa vigingi begani, matope mpaka magotini, akicheka. Alisema mwakani vitapigiliwa upya, kuonyesha jembe liishie wapi.

Jioni mimi na Yonas tulimfanyia Kilo Hamsini mazishi ya heshima. Tulimvua salfeti kwanza, maana haiozi, tukamfukia kwenye tuta la mwisho. Nyasi ndani, udongo juu. Adela alilikagua, akasema halina wigi, akapanda maharage.