Gudwili ya Chumba cha Tatu

Mzee Abner Onyiego alipoingia dukani bila hodi, Nereah alijua hakuja kwa heri. Nyuma yake aliingia Maureen, fundi cherehani kutoka Marani, akizikagua kuta kama mtu anayepima pazia.

"Mama Akumu, mwisho wa mwezi utoke," mzee akamwambia Nereah. "Huyu amelipa gudwili."

Nereah alichemka. Kwa miaka tisa alikuwa ameushonea mji mzima wa Kebirigo sare za shule na kanzu za kwaya katika chumba hicho cha tatu cha safu ya maduka ya mzee, na kodi hakuichelewesha hata mwezi mmoja. Pale sokoni gudwili ni pesa anayopewa mwenye nyumba, mbali na kodi, ili akupe ufunguo. Lakini dada mmoja wa benki aliyekuja kuwafundisha wafanyabiashara alisema gudwili ni jina lako zuri, ile sababu ya mteja kupita maduka manne aje kwako. Na mwalimu wake wa shule ya msingi, zamani kule kwao ziwani, alisema ni nia njema tu. Hiyo ya mwalimu ndiyo Nereah hakuwahi kuiona hapa.

"Gudwili ni yangu! Wateja ni wangu! Wewe unauza nini, mzee? Ukuta?"

"Nyumba ni yangu, na wateja inakuja na nyumba," mzee akajibu, hata haya hana.

Maureen akanyoosha mkono mezani, kwenye daftari la vipimo vya wateja. "Basi hata hii ni yangu. Nimelipia."

"Guza uone!"

Nereah alilinyakua daftari, akamtazama yule mwanamke kwa chuki tupu, mpaka alipoona jinsi alivyoubana mkoba wake wa mikasi kifuani. Hivyo hivyo ndivyo yeye alivyoubana wake miaka tisa iliyopita, amesimama papo hapo nyuma ya mzee huyu huyu, gudwili ameshalipa, huku Nyanchera, fundi aliyekuwamo, akilia na daftari lake mikononi. Naye Nereah alimwambia, "Mama, nimelipa. Toka."

Aibu ilimpanda hadi masikioni, wala haikumpunguzia hasira hata kidogo. Alimgeukia Maureen.

"Nunua daftari lako leo," akamwambia, "na usiliache mezani. Huyu mzee bado yuko hai."