Sanda ya Mtambo wa Mwisho

Genowefa alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, pini mdomoni, akifunga uzi mmoja mmoja kwenye boriti, na magoti yenyewe yalikuwa yamemchoka tangu asubuhi. Kanisa lilikuwa baridi kama ghala la viazi. Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilikuwa na nafuu moja tu: kufunga hakugharimu kitu. Mayai yalikuwa yamepanda bei tena, mkate nao umeyafuata, na wanawake sokoni walikuwa wakitaniana kwamba Pasaka hii watapaka rangi maganda matupu.

Kila mwaka ni yeye aliyejenga Kaburi la Bwana, pale kwenye altare ya pembeni, ambapo sanamu ya Yesu aliyekufa hulazwa. Watu wangekuja tangu jioni ile hadi alfajiri ya Jumapili, wapige magoti, wasali, kisha watoke nje kulijadili. Mji ule mdogo wa wafumaji, karibu na Łódź huko Poland, ulisamehe mahubiri mabaya, lakini Kaburi baya haukulisamehe.

"Mama Gienia, sasa hii ndiyo nini?" aliuliza Bolek, akimwita Genowefa kwa jina la kifupi kama mji wote. Alikuwa zimamoto wa kujitolea, mwenye tumbo la kuheshimika, na alikuja mapema kujaribu kofia yake ya shaba, kwa sababu zimamoto ndio waliolinda Kaburi kila mwaka, wawili wawili. "Mwaka jana ulitujengea pango. Pango nalielewa. Hii mbona kama kiwandani?"

"Ni kiwandani."

"Bwana alizikwa kiwandani?"

"Kwani sisi tumezikwa wapi?" alisema Genowefa kupitia pini. "Shika hapo. Usivute."

Alikuwa amesimamisha nguzo mbili na boriti juu yake, mfano wa mtambo wa kufumia. Kutoka kwenye boriti nyuzi za mtande, zile za wima, ziliteremka, nyingi kama mvua, zikaingia kwenye kitambaa cha kijivu chenye mstari mwembamba mwekundu. Kitambaa hicho kilimfunika Bwana wa plasta, kikaachia miguu tu. Kilikuwa kimefumwa nusu. Ukiangalia vizuri, uliona mahali mshindio, uzi wa kukatiza, ulipoishia, na juu yake nyuzi tupu.

Kilikuwa kitambaa chake mwenyewe. Siku kiwanda kilipofungwa, umeme ulikatwa zamu ikiwa katikati, na mitambo yote ikanyamaza pamoja. Genowefa alikuwa amefuma pale tangu usichana wake, wala hakuwahi kusikia kimya cha namna ile. Alikikata kitambaa na nyuzi zake, akajizungushia kiunoni chini ya koti, akampita mlinzi getini bila kumtazama. Hakujua anakitaka cha nini. Alikuja kujua wakati wa Kwaresima, kwenye Njia ya Msalaba, walipofika kituo ambapo Bwana anavuliwa nguo. Aliiona sanda, boriti, nyuzi, kila kitu. Wengine husali kwa maneno. Yeye tangu utotoni alisali kwa kuona, na akishaona, mikono haimpi raha mpaka akifanye alichokiona.

Padri Zenon alipoliona Kaburi alivua miwani, akaifuta.

"Mama, askofu akiniuliza nitasema nini?"

"Mwambie alikufa kazi ikiwa haijakwisha."

Padri alifikiri kidogo, akarudisha miwani, akaenda zake sakristia. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Baada ya ibada ya alasiri, msalaba ulipokwisha kubusiwa, watu walipanga foleni mbele ya Kaburi. Wanawake wa kiwandani walikitambua kitambaa kutoka mbali. Leokadia, wa zamu ya pili, alipofika alishika ukingo, akaupitishia vidole akitafuta kasoro, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akakumbuka yuko wapi, akaubusu. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa, akamfinya Genowefa mkono. Genowefa alifurahi. Alikuwa hoi, hajala, mgongo unamuuma, na alifurahi.

Ndipo Wiącek akaja. Zamani alikuwa mtunza ghala wa kiwanda, sasa ndiye mkono wa mfilisi aliyepewa kuuza mali za kiwanda kilichofungwa. Alivaa koti jeusi la mazishi, na alijipigia ishara ya msalaba kabla ya kumvuta Genowefa kando.

"Mama Gienia, usinitie matatani. Kile ni cha kiwanda."

"Ni cha Bwana sasa."

"Kila kilichokuwa ndani ya geti ni mali ya mfilisi. Mnunuzi wa kiwanda anakuja Jumanne, na watu wameshanieleza kiko wapi. Nikinyamaza, kesho mimi ndiye mwizi."

"Nusu kitambaa, Wiącek? Mnunuzi atashona nini nacho, soksi?"

"Nitajuaje mimi? Nimeambiwa kila kitu."

"Basi subiri Jumapili. Jumapili Kaburi ni tupu, utachukua mpaka boriti."

"Nimeambiwa leo." Aliangalia viatu vyake. "Nina watoto, mama. Au unataka nilete polisi humu?"

Padri Zenon, aliyekuwa amesogea kusikiliza, aliposikia polisi alifumba macho kama mtu mwenye jino bovu. "Polisi hapana. Si siku hii." Kisha, bila kumtazama Genowefa, "Mpe, mama. Mungu ameshaona."

Wiącek alikwenda mwenyewe kukichukua. Bolek, aliyesimama zamu kwa kofia yake ya shaba, alinyoosha shoka la heshima likamzuia.

"Amri yetu ni kwamba Kaburi haliguswi mpaka Ufufuko."

"Bolek," alisema Wiącek polepole, "mnunuzi atahitaji walinzi. Jina lako nimelipeleka mimi."

Shoka lilikaa pale kwa muda, halafu likateremka. Uso wa Bolek ulikuwa mwekundu chini ya kofia.

"Toka hapo, Wiącek," alisema Genowefa. "Utanichania."

Alitoa mkasi mfukoni, akazikata nyuzi kwa mara ya pili. Kanisa zima lilisikia mkasi. Akakikunja kitambaa, pindo kwa pindo, jinsi vitambaa vilivyokunjwa ghalani, akakilaza juu ya mikono miwili ya Wiącek.

"Wale askari wa msalabani walizipigia kura nguo zake kwanza," alisema. "Wewe umepata bure."

Wiącek aligeuka kuondoka, na hapo akakutana uso kwa uso na Bibi Walentyna, aliyekuwa bado akingoja kwenye foleni. Macho ya bibi huyu yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanamume wa koti jeusi amesimama mbele ya altare, ameinua kitu kwa mikono miwili, na maisha yake yote mwanamume wa namna hiyo, Ijumaa Kuu, alikuwa ameshika kitu cha kubusiwa. Akajishusha magotini kwa shida, akakibusu kitambaa.

"Bibi, hapana, mimi natoka kiwandani..."

"Ubarikiwe, mwanangu. Kiinamishe kidogo kwa mwenzangu."

Nyuma yake Leokadia alikuwa ameshapiga magoti. Leokadia alikuwa na macho mazima. Alibusu, akanyanyuka, akamtazama Wiącek usoni, akapisha. Foleni nzima ilihama. Walikuja mmoja mmoja, wafumaji na waume zao, na hakuna aliyecheka. Wiącek alisimama pale, jasho likimtoka kwenye baridi ile, hawezi kutembea juu ya watu waliopiga magoti na hawezi kukiweka chini alichokishika. Lakini wa mwisho alipoinuka alikibana kitambaa kwapani, akatoka, na wote walisikia buti ya gari ikifungwa.

Padri alirudi kutoka sakristia na shela ya zamani ya lesi. "Tumfunike, mama."

"Mwache."

"Lakini yuko uchi."

"Naona, Padri," alisema Genowefa. "Ameshavuliwa. Nimeshamaliza."

Nyuzi zilizokatwa zilining'inia juu ya mwili wa plasta, zikitikisika kila mlango ulipofunguliwa. Bolek alisimama kando yake, ameinamisha kichwa, akilinda. Genowefa alichuchumaa akaanza kuokota pini zake sakafuni, moja baada ya nyingine, maana hata pini zilikuwa zimepanda bei.