Namba Isiyosogea

Wenzake walimwita Mama Wavu. Kazi yake ilikuwa kukata nafasi na wakati vipande vidogo, kama macho ya wavu, kisha kuiachia kompyuta ikokotoe jinsi chembe za ndani ya kiini cha atomu zinavyoshikana. Kompyuta ilitoa maelfu ya picha, na wastani wake ndio uliokuwa jibu. Jibu lilitoka zuri mno. Profesa wake alishalitangaza, na mchana ule angelieleza mbele ya wageni.

Asubuhi, akiandaa mchoro wa mwisho, Mama Wavu aliitazama namba ambayo hakuna aliyeijali, ile inayoonyesha picha zimejisokota kiasi gani. Ilipaswa kupanda na kushuka. Haikusogea hata chembe, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kompyuta ilikuwa imekwama kona moja, kama mtu anayedai kuijua nyumba nzima kumbe hajatoka jikoni.

Akampigia mumewe.

"Nyamaza tu, mwenye nguvu mpishe," mumewe akasema, nusu utani.

"Siwezi."

"Basi jikaze, mke wangu. Ila Profesa wako unamjua."

Alimjua. Mwanafunzi aliyemtangulia alimbishia Profesa kikaoni. Wiki ileile meza yake ikawa tupu.

Alimkuta Profesa ofisini akifunga tai.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mchoro uko wapi?"

Akamwonyesha ile namba kwenye kompyuta yake ndogo. Profesa alitazama, akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu," akajibu.

"Fundi bomba? Huyo simhesabu. Futa hii. Tutarekebisha baadaye, kimyakimya."

"Na wenzetu wanaoendelea kulitumia jibu hili?"

"Nimesema futa." Akanyoosha mkono achukue kompyuta.

Mama Wavu akaikumbatia kifuani. "Naomba ufungue mlango."

Profesa akatabasamu, akafungua. "Nenda. Kumbuka tu nani anasaini mkataba wako."

Ukumbini, maswali yalipoanza, Mama Wavu alisimama. "Namba ya msokoto haikusogea," akasema. "Jibu letu bado haliaminiki."

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaomba kuuona mchoro, akautazama, akavua miwani. "Ni kweli," akasema.

Profesa akakusanya vitu vyake bila haraka. Alipompita Mama Wavu alimnong'oneza neno moja tu: "Hongera."

Kesho yake kadi ya Mama Wavu haikufungua mlango wa maabara; taa ilibaki nyekundu, na mlinzi akaangalia pembeni.

Yule mgeni ndiye aliyempa nafasi kwenye kompyuta za chuo chao. Mama Wavu alianza upya na wavu wa macho makubwa zaidi, usiokwama kwa urahisi, na namba ikasogea. Jibu jipya lilikuwa tofauti, na lile la zamani likaondolewa. Lakini mpaka leo simu ya namba asiyoijua ikiita, huiacha iite, akikumbuka ile "Hongera" ya Profesa, kisha huenda kuhakikisha mlango umefungwa.