Kitambaa cha Kituo cha Juu

Siku hiyo nilifika kazini na hasira zangu tayari, maana joto halikuniacha hata nimalize chai. Saa sita kamili, namba zikaanza kuingia kutoka vituo vyetu vya hali ya hewa. Mtabiri wa zamu nilikuwa mimi, kwa hiyo zote ziliishia mezani kwangu. Kituo cha bondeni, unyevu wa hewa asilimia kumi na mbili. Cha mtoni, kumi na tano. Cha barabara kuu, kumi na tatu. Hewa ya kukausha mate mdomoni. Halafu ikaingia namba ya kituo cha juu, kule kwenye msitu wa misonobari: asilimia sitini na tano.

Mwangalizi wa kituo cha juu ni baba yangu mzazi. Ofisini wanamwita Saa Kamili, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja namba zake hazijachelewa, wala hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa isahihishwe. Mimi mwenyewe kazi hii nilijifunza kwake, nikiwa bado na meno ya utotoni, nikimshikia daftari wakati akisoma vipimo.

Sasa, taarifa ya hatari ya moto hutoka saa saba kasoro robo, na kila ukanda hupimwa kwa namba ya kituo chake. Ukanda wa juu ukiandikwa "hatari ndogo", mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye msimamizi wa kikosi cha msituni, angewasha marundo ya matawi saa saba kamili. Yalikuwa marundo arobaini, nyuma tu ya nyumba za wafanyakazi, na kibali alikuwa amekisubiri wiki tatu. Wakati huohuo picha ya setilaiti ilionyesha dhoruba ikishuka kutoka milimani, ya kufika kama saa tisa. Dhoruba za namna hiyo hutanguliza upepo, mvua hufuata nyuma kwa kujivuta. Upepo ule ungekuta marundo yanawaka, na nyumba zile zingeteketea kabla tone la kwanza halijaanguka.

Nikaenda kwa mkuu wa zamu. Huyu tunamwita Bwana Wastani, kwa kuwa hajawahi kukutana na ugomvi wa namba asioweza kuujumlisha na kuugawanya.

"Dhoruba inatokea huko huko juu," akasema bila kuinua macho. "Lazima pawe na unyevu. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba picha haionyeshi hata wingu la kuazima. Dhoruba bado iko mbali."

"Kwa hiyo Saa Kamili amekosea?"

Kumsahihisha baba yako mbele ya watu si jambo dogo, na baba yangu hana utani na vipimo vyake.

"Basi tuchukue wastani," akasema. "Tuandike hatari ya kati."

"Kwa hatari ya kati wanaruhusiwa kuwasha, bosi. Nyumba haiungui kwa wastani."

Akatazama saa ya ukutani. "Una mpaka saa saba kasoro robo. Baada ya hapo naandika kilichopo."

Nikapiga simu kituo cha juu. Baba alipokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umepata namba?"

"Nimepata. Baba, naomba unisomee tena vipimajoto vyote viwili."

Akasoma polepole: "Kikavu thelathini na sita. Chenye maji thelathini. Wewe leo unanikagua?"

Nieleze kidogo hapa. Vipimajoto hivyo hukaa pamoja katika kisanduku cheupe uani. Kimoja kiko wazi. Cha pili kimevishwa kitambaa cha pamba ambacho mkia wake umetumbukizwa kwenye kichupa cha maji. Hewa ikiwa kavu, maji yale hugeuka mvuke haraka na kipimajoto hupoa. Kadiri vinavyopishana, ndivyo hewa ilivyo kavu. Vyake vilipishana nyuzi sita tu.

"Sikukagui, Baba. Maji yapo kichupani?"

"Maji yapo. Mkia umo ndani. Kitambaa nimekibadilisha leo asubuhi kwa mikono yangu, kipya kabisa, bado kina mng'ao. Unataka nini kingine?"

Neno "mng'ao" likanishtua. Nikajiona jikoni kwetu nikiwa na miaka saba, mama amesimama kwenye jiko, sufuria ndogo inachemka, ndani yake vipande vya pamba na kijiko cha magadi. Nilimuuliza kama tunapika nguo. Akacheka, akasema pamba ya dukani ina dawa ya kiwandani inayoing'arisha, isipochemshwa haishiki maji. Alivichemsha vingi kwa mkupuo, akavianika, akavikunja na kuvipanga kwenye kopo la baba. Mama alifariki mwaka jana.

"Baba, hicho kitambaa kimetoka kwenye kopo?"

"Kopo limeisha wiki iliyopita. Hiki nimekata kwenye jora jipya la dukani."

"Ulikichemsha?"

"Kuchemsha nini?"

Miaka thelathini na moja, mtu aliyefundisha nusu ya waangalizi wa mkoa huu, na hajui.

"Mama alikuwa anavichemsha," nikasema. "Vyote. Kipya hakinyonyi maji sawasawa, Baba. Kipimajoto chako kimevaa kitambaa nusu kikavu, ndiyo maana hakipoi."

Nilimsikia anavuta pumzi, nikajiandaa kwa mvua ya maneno, maana nayajua. Saa ya ukutani ilikuwa sita na dakika ishirini na mbili.

"Sasa hivi nikichemsha nitachelewa," akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ya kazini.

"Umevaa fulana ndani?"

"Nimevaa."

"Ya zamani?"

"Hii aliifua mama yako mpaka ikawa kama utando wa buibui."

"Kata upindo wake, Baba. Hiyo inanyonya."

Alikata simu bila kuaga. Nilikaa nikiitazama ile simu, na Bwana Wastani amesimama nyuma yangu, kalamu mkononi. Sita na nusu. Sita na thelathini na tano. Sita na arobaini simu ikalia.

"Kikavu thelathini na sita," baba akasema. "Chenye maji kumi na nane. Nimesoma mara tatu."

Asilimia kumi na nne. Nikaandika "hatari kubwa sana, marufuku kuwasha moto wowote, upepo mkali kabla ya mvua", nikatuma, kisha nikampigia mdogo wangu mwenyewe, nisije nikaiachia karatasi kazi ya mdomo.

"Dada, nimesubiri wiki tatu," akalalamika.

"Subiri mpaka jioni. Na maboza yako ya maji yaweke nyuma ya nyumba, mipira iwe imekunjuliwa."

Alinung'unika, lakini akafanya.

Upepo ulifika saa nane na dakika hamsini, ukang'oa mabati ya stoo na kuangusha misonobari miwili. Radi ikapiga rundo la mwisho, lililo karibu zaidi na nyumba, likalipuka. Rundo moja, na watu ishirini wamelisimamia mipira mkononi. Walilizima kwa dakika nne. Kisha mvua ikamwagika, na mdogo wangu akanipigia akiwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nyumba zote ziko, dada. Zote. Watoto wako nje wanaoga mvua."

Ofisi nzima ilisimama ikapiga makofi, na mimi nilipiga makofi kuliko wote, sioni aibu. Hata Bwana Wastani alipiga.

Muda si muda baba akapiga tena. Akatoa kwanza vipimo vya saa tisa, maana kazi ni kazi. Halafu akasema anaandika sahihisho kwenye daftari. Bwana Wastani akainama kwenye simu.

"Mzee, si lazima. Tutasema kifaa kilisumbua. Rekodi yako ni safi."

"Kifaa hakikusumbua," baba akajibu. "Sikilizeni, halafu mtume vituo vyote." Akasoma taratibu: "Namba ya saa sita haikuwa sahihi. Kitambaa kipya hakikuchemshwa. Kwa miaka thelathini na moja vitambaa vya kituo hiki vilichemshwa na mke wangu, nami sikujua. Waangalizi wote wachemshe kwanza." Kisha akaniambia mimi: "Chini weka majina mawili ya waangalizi wa kituo cha juu. La mama yako litangulie."

Nikaliandika la mama kwanza, nikatuma.