Udongo Safi

Ines alikuwa na hasira wiki nzima, na asubuhi ile alipokuta nyanya zake zimelegea majani kabla jua halijakolea, hasira zikampanda zaidi. Korosho za mumewe zilipigwa na ugonjwa msimu uliopita. Bustani hii, karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini, ndiyo ingewalisha hadi masika, na sasa ilikuwa inakufa mbele ya macho yake.

Maji yalikuwepo. Lakini tangu mradi wa umwagiliaji uje, pampu haiwaki mpaka kipima unyevu kilichochomekwa ardhini kiseme udongo umekauka, na koki imetiwa kufuli ili mtu asijifanye anajua kuliko mashine. Mashine yenyewe kutwa ni taa ya kijani, yaani udongo umelowa. Umelowa wapi? Ines aliuchota akaufikicha, ukamtoka vidoleni kama unga.

Sharifa, mtaalamu wa mradi, alikuja na pikipiki kutoka Mtwara mjini. Alikitazama kipima, akakunja uso, akaonja udongo kidogo kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu. Akaeleza kwamba chumvi hukidanganya kipima, kikadhani ni maji. Ndiyo maana kabla ya kukifunga walichukua udongo wa shamba hilihili, wakaupima ofisini, wakakirekebisha kipima kiendane nao. Ajabu ni kwamba udongo ule haukuwa na chumvi hata chembe. Akauliza nani aliupeleka.

Orlando, mume wa Ines, akasema ni yeye, tena kwa fahari kidogo, maskini. Si aliambiwa apeleke udongo safi? Angeingiaje ofisini kwa watu na matope na mizizi? Aliuchekecha, akausuuza kwa maji ya mvua hata yakatoka meupe, akauanika mkekani, akautia kwenye mfuko mpya.

Ines alimtolea mumewe macho, kisha akamgeukia Sharifa.

"Nani alimwambia safi?"

"Mimi, mama," Sharifa alisema. "Nilimaanisha usichanganywe na wa shamba jingine."

"Basi ungesema hivyo."

Sharifa alianza kueleza kwamba kule ofisini nao wangepaswa kuuliza, lakini Ines hakumpa nafasi. Ofisi haikupanda nyanya. Sharifa akaifungua kufuli, akaiwasha pampu kwa mkono, maji yakaanza kutiririka kwenye mistari ya nyuma, iliyokuwa bado na uhai kidogo. Ile ya mbele ilikuwa imebaki vijiti.

Ulitakiwa udongo mwingine wa kupima. Orlando akachuchumaa, akaanza kuchimba, na kwa mazoea akawa anachambua mizizi na kuitupa pembeni. Ines akamsukuma mkono. Alishika shina moja lililokufa, akaling'oa na bonge lake zima la udongo, mizizi ikining'inia, akalitumbukiza kwenye mfuko wa Sharifa.

"Kapime huu," alisema. "Na nyanya yangu usiitoe."