Pima Tano za Wasike

Mwaka wa tisini na saba gugumaji lilifunika ufuko wa ziwa pale Kisian hadi mitumbwi ikabaki kukaukia nchi kavu, na wavuvi, wakubwa kwa wadogo, wakarudi kwenye ndoano na kusimama juu ya miamba. Kila mmoja alifunga kwenye uzi wake boya la kipande cha slipa kuukuu, na urefu wa uzi kutoka boya hadi ndoano ndio uliokuwa siri yake. Desturi ya pale ilikuwa moja: hulazimiki kutaja kina chako, lakini ukikitaja, taja kweli, maana mwenzako analishia watoto neno lako.

Joram Oketch alikuwa amegundua jambo. Zamani, jua likichomoza, mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, walishuka chini kwenye baridi. Sasa maji ya chini yalikuwa yameoza kwa sababu ya gugu, nao wakapanda, wakawa wanavizia visamaki ukingoni mwa majani, kina cha nusu pima tu, yaani urefu wa mkono mmoja. Wiki nzima Joram alirudi nyumbani na samaki. Wiki nzima jirani yake Wasike, aliyehamia kutoka Port Victoria, alirudi na ndoo tupu.

Asubuhi moja Wasike akamuuliza bila kuzunguka. "Bwana Joram, hawa mbuta wako wapi siku hizi? Watoto wamekula mboga mpaka wamechoka."

Joram alitazama upenyo wa maji katikati ya gugu, miguuni pake. Ulikuwa mdogo, wa kumtosha mtu mmoja. Choyo kikamshika, wala tusikitafutie jina zuri.

"Wako chini kabisa," akasema. "Pima tano."

Pale miambani hapakuwa na kina cha pima tano. Wasike akaenda hadi kwenye ncha, akakanyaga gugu lililoshikamana kama godoro, akaanza kutembea juu yake polepole kuyafuata maji marefu. Joram alimwona. Akafungua kinywa, akakifunga. Kumwita kungekuwa kukiri, naye aliona aibu. Akajiambia gugu ni nene, litambeba.

Halikumbeba. Wasike alizama mzima mzima na majani yakajifunga juu ya kichwa chake. Joram alikimbia, akalala kifudifudi juu ya gugu, akatumbukiza mkono hadi begani, akipapasa huku analia kwa sauti. Vidole vikakuta ukosi wa shati. Akavuta.

Nakhungu, mke wa Wasike, alifika mbio na leso, akamfunika mumewe aliyekuwa bado anatapika maji. Kisha akaushika mkono wa Joram kwa mikono miwili, akamwita kwa jina la bintiye.

"Baba Apiyo, Mungu akubariki. Leo mimi ningekuwa mjane."

Shukrani ile ilimchoma Joram kuliko tusi. Angeweza kunyamaza, nani angejua?

"Mama, usinishukuru," akasema. "Mimi nilimdanganya. Samaki wako hapa juu, na nilijua."

Nakhungu akauachilia mkono wake. Wasike alijifuta mdomo.

"Uzi wako niliuona, Joram. Niliona vile boya liko karibu na ndoano. Nikajiambia, Joram hawezi kunidanganya, ni macho yangu tu."