Mtani Aliyeingiwa na Adabu

Mimi Mwanasiti binti Shee sina subira, wala sikuwahi kuiomba. Kwa hiyo mnisamehe nikianza kwa ukali. Mwaka ule lori la serikali lilipomrudisha mdogo wangu Buya kutoka hospitali ya Nairobi, watu wa kijiji chetu, hapo chini ya Garsen, walikuwa na adabu ya kuchukiza.

Buya alikuwa ameugua akili. Nasema wazi, maana wenzangu walikuwa hawasemi. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akasikia migomba ikimsengenya, akachukua panga akaifyeka yote. Wazee wakasema ni pepo wa mto. Wengine wakasema ni laana ya marehemu bibi yetu, ambaye maskini hakuwahi kumlaani hata kuku. Kila mtu alikuwa na maneno yake, na kila mtu alikuwa na kamba yake ya kumfungia. Mkewe, Mwanaarusi, alichukuliwa na baba yake, Mzee Godhana, akapelekwa Chara pamoja na mtoto. Mzee aliacha neno moja: "Siku nitakapoona watu wa kwenu wanaishi naye kama mtu mwenye akili zake, binti yangu atarudi."

Basi Buya akarudi. Kanenepa, anasali, analima, usiku anakoroma mpaka bata wanaamka. Lakini akipita, wanawake wanaficha mapanga. Akikohoa msikitini, safu inasogea. Akicheka wanatazamana, na akinyamaza wanatazamana vilevile. Na kila mmoja anamsemesha kwa sauti ya kumbembelezea mtoto: "Umekula, Buya? Umelala? Kaa kivulini, baba." Mpini wa jembe lake ukavunjika, na hakuthubutu hata kusonya. Wewe ukivunjikiwa na mpini utatukana wee mpaka uchoke. Buya akitukana, lori litaitwa.

Aliyemuumiza zaidi ni Mashavu. Mashavu ni binti wa mjomba wetu, na kwetu binamu ni mtani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukupokonya kofia, kukulia chakula chako, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Na Mashavu alikuwa na ulimi wa kuparia samaki! Siku ya harusi ya Buya alijilaza kitandani mwa maharusi, akakataa kuondoka mpaka apewe jogoo. Sasa huyohuyo, akikutana na Buya njiani, anainamisha macho: "Shikamoo, kaka Buya." Shikamoo! Na wamezaliwa mwaka mmoja!

"Dada," Buya aliniambia siku moja tukipalilia, "hata maiti hutaniwa na watani wake. Mimi nimekuwa nini?"

Nikamgombeza kwamba anaacha magugu.

Ikafika siku ya kuvuna mpunga. Kijiji kizima kilikuwa shambani, na Mashavu alikuwa akiwapikia wavunaji kambare wa nazi. Mzee Godhana naye alikuja kutoka Chara ajionee mwenyewe hali ya mkwewe. Basi chungu kilipoiva, Buya akaweka kisu chake chini, akaenda jikoni, akakiinua chungu kwa majani ya mgomba. Akaenda nacho hadi kwenye dungu, ule ulingo mrefu tunaokalia kuwinga ndege wasile mpunga, akapanda, akaivuta ngazi juu, akaanza kula.

"Mama wee! Ugonjwa umempanda tena!" watu wakapiga mayowe. Mtu akakimbilia kamba. Mzee Godhana alibaki mdomo wazi. Mkwe kula mbele ya baba mkwe ni aibu tosha, na huyu alikuwa akila juu ya kichwa chake.

Mimi nilielewa papo hapo. "Ni utani!" nikapaza sauti. "Chungu ni cha binamu yake, ana haki nacho!" Nani anisikilize? Dada mtu hakosi la kusema. Kamba ilipoletwa nikaikalia, na mimi si mwepesi.

Mzee Godhana akainua mkono. "Aseme mwenye chungu. Yeye akisema ni utani, ni utani."

Wote tukamgeukia Mashavu. Alikuwa akifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema kwa sauti ile ya asali, "Mwacheni ale, maskini. Si kosa lake."

Wallahi, moyo wangu ulikufa. Heri angemwita mwizi, kwa kuwa mwizi ana akili zake. Mtu anayeiba akaambiwa hana kosa, huyo mmekwisha kumtoa katika watu. Kule juu Buya aliacha kutafuna. Mzee Godhana akaanza kutafuta bakora yake aende zake.

"Mashavu," Buya akaita polepole. "Samaki huyu hana chumvi."

"Hana nini?"

"Chumvi. Na tui limekatika."

Niliiona shingo ya Mashavu ikivimba. "Tui langu? Limekatika? Wewe Buya, mbona umemaliza vipande vitatu ndipo ukajua? Lo! Wamekutibu wazimu wakasahau ulafi! Shuka hapa nikupe hiyo chumvi, jizi we! Na ukirudi Nairobi uwaambie kazi yao wameifanya nusu!"

Neno lile, wazimu, hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake tangu arudi. Mashavu mwenyewe alijiziba mdomo.

"Niliwaomba na dawa ya mapishi yako," Buya akajibu. "Wakasema ugonjwa huo hauna tiba."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Godhana, akacheka mpaka akashika mti wa dungu. "Shuka, mkwe wangu," akasema akijifuta macho. "Na uache mkia, mimi ni mgeni. Mwanaarusi nitamleta mwenyewe, aje akufunze kula."

Mashavu alikuwa keshaacha kuutukana ulafi wa Buya, yuko kwenye masikio yake, anaelekea miguuni. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Buya akashuka, akampita mkwewe, akawapita wote, akaja mpaka nilipokaa. Tui lilikuwa kidevuni na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Dada," akaniambia, "umesikia? Amenitukana."